Shajara ya kisanduku cha mzee jirani: sarafu 43, cheti hakuna

Jumamosi, 11 Januari 2025

Mzee jirani yetu alifariki mwaka jana, na sasa mjane wake anahamia kwa binti yake. Leo nimekwenda kumsaidia kushusha kabati, nikarudi na kisanduku cha mbao kilichokuwa chini ya kitanda miaka yote. Watoto wake hawana haja nacho, na mnunuzi wa kwanza aliyekuja kukitazama alitaja bei iliyomkera. Tumekubaliana bei ya uzito wa fedha kama soko lilivyofunga jana, bila kupunguza hata senti. Dhuluma ya mjane sitaki iniingie nyumbani. Pesa imetoka kwenye akiba ya gari. Mama watoto nilimwambia kabla ya kulipa. Miaka kumi na mitano ya ndoa imenifunza utaratibu.

Yaliyomo: kopo jembamba la plastiki lenye sarafu 20 za fedha za Marekani, zile ziitwazo Silver Eagle, zenye bibi anayetembea kuelekea jua na upande wa pili tai. Vifuko 14 vya plastiki laini, kila kimoja na sarafu ya aina hiyohiyo, na karibu kila kimoja kimeandikwa namba kwa penseli. Visanduku vinane vya kiwandani, saba vya prufu, yaani sarafu zilizopigwa kwa uangalifu zaidi kwa ajili ya wakusanyaji, na kimoja cha 2008 chenye herufi W, alama ya kiwanda. Jumla 42.

Ya 43 ilikuwa chini kabisa, kwenye kifuko chake peke yake kilichofungwa kwa kitambaa. Nikaifunua nikakutana na Mwalimu Nyerere. Nimeigeuza: faru. Shilingi 50 ya Tanzania ya 1974, prufu, kubwa kuliko zote kisandukuni. Niko Columbus, Ohio, mwaka wa tisa huu, na sikuwahi kuiona sarafu hii hata siku moja nilipokuwa Tanga. Mama watoto akaishika kwa ncha za vidole akasema, "Kumbe Mwalimu alifika Ohio kabla yetu."

Si ajabu sana ukijua habari yake. Ni katika mfululizo wa sarafu za kuhifadhi wanyama uliobuniwa na mashirika ya uhifadhi ya WWF na IUCN, nchi nyingi zikashiriki, zikapigwa Uingereza na kuuzwa kwa wakusanyaji ili fedha ziende kwenye uhifadhi. Ya kwetu ilikuwa na twiga kwenye shilingi 25, faru kwenye 50, na duma kwenye ile ya dhahabu ya shilingi 1,500. Hazikutengenezwa kwa ajili ya kununulia mkate Ngamiani, kule Tanga.

Sasa mradi wenyewe. Hakuna sarafu hata moja kati ya hizi iliyopimwa na kampuni ikafungwa kwenye kasha lenye cheti. Nataka nizipime mwenyewe kwanza, niandike daraja ninalolitoa, kisha nipeleke chache nione nimekosea kiasi gani. Hii ndiyo shajara ya zoezi hilo.

Jumapili, 12 Januari

Kwa asiyejua: kipimo kinachotumika hapa kinaanzia 1 kinaishia 70. Alikileta William Sheldon mwaka 1949 kwa ajili ya senti kubwa za shaba za zamani, na mwanzoni namba ilifungwa na bei, yaani ya 70 iwe na thamani mara sabini ya ile ya 1. Bei zikaenda zake, namba ikabaki. Kuanzia 60 ni sarafu ambayo haijaingia mkononi mwa watu kununulia vitu. Kampuni ya kupima sarafu ya PCGS ilipoanza 1986, na mwenzake NGC mwaka uliofuata, ndipo desturi ya kufunga sarafu kwenye kasha gumu lenye namba iliposhika.

Kwa sarafu za kisasa kama hizi zangu, ngazi karibu zote hazina kazi. Hizi zilitoka kiwandani zikaingia kwenye makopo ya ishirini ishirini, makopo yakaingia kwenye sanduku la kijani la sarafu 500. Hazijawahi kulala mfukoni na funguo. Ugomvi wote uko kati ya 68, 69 na 70, na 70 maana yake ukiitazama kwa lenzi inayokuza mara tano usione dosari yoyote iliyoipata baada ya kupigwa. Mtu anayekuuzia sarafu isiyo na cheti na kukuambia "haijatumika kabisa" hajakuambia kitu. Zote hazijatumika.

Lakini kabla ya daraja, je, ni fedha? Hizi zinaghushiwa sana. Halali ina gramu 31.10, upana milimita 40.6, unene karibu 2.98. Nimepima 34, za kopo na za vifuko, kwa mizani ya jikoni inayosoma hadi sehemu ya mia ya gramu. (Zile za visandukuni sijazitoa kwenye kapsuli zake.) Thelathini na tatu zikasoma kati ya 31.10 na 31.17. Moja ikasoma 26.40.

Nikadhani mizani imechoka. Nikairudia mara tatu. Upana sawa, unene sawa. Nikaweka kikombe cha maji juu ya mizani, nikarudisha sifuri, nikaining'iniza sarafu kwa uzi majini bila kugusa chini: 2.97. Nikachukua ya 1996, ambayo najua ni halali, nikaining'iniza vilevile: 2.97. Yaani ujazo ni mmoja, uzito ndio tofauti. Gawanya 31.1 kwa 2.97 unapata karibu 10.5, na hiyo ndiyo fedha. Gawanya 26.4 kwa 2.97 unapata 8.9, na hiyo ni shaba au nikeli au mchanganyiko wake. Sumaku nayo ikatoa ushahidi: ukiiteleza sumaku kali juu ya fedha iliyoinamishwa inashuka polepole kama inayoburuzwa kwenye asali, juu ya hii ilishuka mbio.

Kifuko chake hakikuwa na namba kama vingine. Kilikuwa na alama ya X kwa penseli. Jana niliiona nikafikiri mzee alikuwa akijaribu penseli.

Zimebaki 42.

Jumapili, 19 Januari

Wiki nzima nimehangaika na taa. Taa zetu za dari ni zile za LED zenye mwanga uliotawanyika, na chini yake kila sarafu ni malaika. Ninachohitaji ni mwanga unaotoka sehemu moja, mkali, ili kila mkwaruzo utupe kivuli chake. Balbu za waya za matumizi ya kawaida zilipigwa marufuku kuuzwa Marekani tangu Agosti 2023. Nilipomweleza mjane shida yangu kwa simu, akacheka, akasema taa ya mezani ya mzee bado iko gereji, na balbu yake ya wati 75 iko ndani. Nimeifuata jana. Kwa hiyo natazama sarafu za mzee kwa taa ya mzee.

Unaishika kwa ukingo, kidole gumba na cha shahada, juu ya kitambaa laini endapo itaponyoka. Unaiinamisha kidogo kidogo huku ukiizungusha. Kwenye sarafu iliyopigwa vizuri, mng'ao hautulii. Mkanda wa mwanga unatoka katikati na kuzunguka uwanda wote, yaani sehemu tupu isiyo na mchoro, kama mwanga wa mnara wa kuongozea meli unavyofagia bahari usiku. Mng'ao huo si rangi wala mafuta. Chuma kilipobanwa kati ya mihuri miwili kilitiririka kuelekea ukingoni, kikaacha vijifereji vidogo mno, na mwanga unacheza humo. Ukivisugua vikafa, havirudi.

Hapo nikakumbuka simu niliyompigia shemeji yangu, sonara wa Ngamiani. Nilimwambia nina fedha za zamani nyingine zimeanza kuwa na wekundu wa shaba ukingoni. Akaniambia, "Shemeji, leta majivu na ndimu, dakika mbili tu." Nikamwambia hapa anayesugua anaharibu. Alinyamaza, kisha akauliza: "Sasa fedha isiyosuguliwa ni fedha gani?" Kwa kazi yake yuko sawa. Bangili inayorudi kwake ikiwa nyeusi lazima itoke ikiwaka. Sarafu hizi zinataka kinyume chake: zisiguswe kabisa, hata kwa nia njema.

Jumamosi, 1 Februari

Leo nina hasira, na wa kumkasirikia ni mimi.

Ya 1996 ndiyo sarafu niliyoitegemea. Kati ya za uwekezaji, yaani zinazonunuliwa kwa ajili ya fedha iliyomo, zilizopigwa tangu 1986, mwaka huo ndio uliotoka chache kuliko wote, 3,603,386, na ikiwa safi sana bei yake inapanda mbali. Kifuko chake mzee ameandika 69. Nimeiweka chini ya taa, nikaiinamisha, na pale upande wa kushoto wa bibi, kwenye uwanda mtupu ambao macho huangukia kwanza, nikaona mistari. Myembamba kama unywele wa mtoto, sita au saba, yote ikielekea upande mmoja, kutoka kwenye miale ya jua kushuka hadi karibu na tarehe. Ukiiweka wima haionekani. Ukiinamisha nyuzi kama ishirini, inawaka yote kwa pamoja.

Nilijua mara moja. Tarehe 12 baada ya kuitoa majini niliikausha kwa taulo la jikoni. Taulo safi, laini, la pamba, na niliisugua kwa upole kama mtu anayemfuta mtoto uso. Pamba ile ilikuwa na chembe, au maji ya bomba yaliacha chembe, haina tofauti tena. Mistari inayoelekea upande mmoja ndiyo alama ya kitambaa. Mikwaruzo ya sarafu kugongana haina mpango, inakwenda kila upande. Kampuni ya kupima ikiona mistari hii inaweza hata kukataa kutoa namba kamili, ikaandika tu kwamba imesafishwa.

Nilipaswa kuitoa majini, kuiegemeza kwa ukingo na kuiacha ikauke yenyewe. Au nisiitie majini kabisa. Mizani na kalipa, kile kifaa cha kupimia upana na unene, zilikwisha kusema. Ushahidi wa tatu nilioutaka kwa ajili ya kujifurahisha umekula sarafu bora ya kisanduku.

Mama watoto ananiuliza kama mistari hiyo inaweza kufutika. Haifutiki.

Jumamosi, 15 Februari

Kupima kwa upofu.

Nimeamua hivi kwa sababu najifahamu. Mwamba ngoma huvutia kwake, na mimi ngoma hii nimeilipia. Kijana wangu, ana miaka kumi na mmoja, amefunika maandishi ya penseli ya mzee kwa karatasi, akahamishia sarafu 33 kwenye kapsuli zenye namba alizozichanganya yeye, na daftari la namba amelificha. Nazipima zote, naandika. Baada ya wiki moja anachanganya upya, napima tena. Sina njia ya kukumbuka ipi ni ipi, isipokuwa ile ya 1996, ambayo siwezi kujifanya siijui.

Raundi ya kwanza nilipima wiki iliyopita, Jumamosi mchana baada ya pilau. Ya pili leo, alfajiri, kabla ya chai. Kati ya 33, sarafu 14 nimezipa madaraja tofauti. Na katika hizo 14, kumi na moja zilikuwa juu zaidi siku ya pilau. Kijana akasema, "Baba, ukishiba unagawa." Nimemwandika humu ili siku moja asome.

Moja niieleze kwa kirefu kwa sababu ndiyo iliyonifunza zaidi. Ya 1989. Raundi ya kwanza nimeandika 70. Leo, kwa lenzi ileile, nimeona kwenye paja la bibi, pale gauni lilipobana na ndipo chuma kilipoinuka zaidi, kidoti kinachong'aa tofauti na kilicho jirani. Si kikubwa kuliko ncha ya sindano. Ni mahali ukingo wa sarafu nyingine ulipoipiga ndani ya mfuko au kopo. Kiking'aa mahali pa juu kama hapo, chuma kimebanwa, vijifereji vya mng'ao vimelala. Mara ya kwanza nilikiona pia, nina hakika, nikajiambia ni sehemu ya mkunjo wa gauni. Jicho liliona, moyo ukatoa maelezo.

Tangu sasa nina kanuni yangu. Naanza na uso wa bibi, kifua, paja, uwanda wa kushoto, kisha miale. Nageuza, ngao ya tai, kisha uwanda juu ya mabawa, kisha ukingo. (Tanzania tungesema kichwa na mwenge, hapa sijui niseme bibi na tai.) Nikikuta kitu nakiandika kabla sijakipa jina. Jina linakuja mwisho.

Sarafu tatu za kopo zina madoa meupe, kama tone la tui lililokaukia mezani. Hayo yanazikumba sana sarafu za fedha za uwekezaji, na inasemekana chanzo ni mabaki ya dawa ya kuoshea vipande kabla havijapigwa. Yanaweza kutokea miaka baadaye, hata ndani ya kasha la cheti. Hayatoki. Hizo tatu nimezitoa kwenye mashindano.

Jumapili, 2 Machi

Ramadhani imeanza jana. Nimejipa kazi nyepesi: vifuko.

Mzee alikuwa na jicho, lakini plastiki yake ilikuwa mbaya. Vifuko laini vile vina dawa ya kulainisha plastiki, na baada ya miaka inatoka jasho. Sarafu mbili zina utando wa kijani karibu na maandishi ya ukingoni. Huo si kutu wala rangi ya asili ya fedha iliyokaa, ni uchafu unaokula chuma polepole, na huu peke yake unaruhusiwa kuondolewa. Asetoni safi, ile ya duka la vifaa vya ujenzi, si ya kuondolea rangi ya kucha maana hiyo ina manukato na mafuta. Bakuli mbili za kioo, barazani, mbali na moto. Dakika kumi kwenye la kwanza, unaiinua kwa ukingo, unaizamisha kwenye la pili lenye asetoni mpya, unaisimamisha ikauke. Inakauka kwa kufumba na kufumbua. Sikushika taulo. Taulo lile mama watoto ameligeuza la kufutia jiko, na kila nikilipita naligeuzia uso.

Moja imetoka safi. Nyingine utando umeondoka na chini yake pana ngozi iliyofifia, upana wa punje ya mchele.

Prufu saba nimezitazama ndani ya kapsuli. Hizi ni jambo jingine: uwanda ni kioo, sanamu ina ukungu mweupe kama asubuhi ya Lushoto, na uzuri ni tofauti kati ya viwili hivyo. Kioo hakisamehe. Mbili zina utando wa maziwa kwenye kioo, moja ina alama ya kidole gumba juu ya bawa la tai. Gumba la nani sijui. Hizi hazina haja ya kupelekwa popote.

Ile ya 2008 yenye W niliitazama kwa matumaini, sikatai. Baadhi ya sarafu za mwaka ule za toleo la wakusanyaji, si za prufu, zilipigwa kwa bahati mbaya kwa muhuri wa tai wa 2007, na bei zake ni nyingine kabisa. Alama iko kwenye herufi U ya UNITED: ya 2007 ni kama bakuli, haina mkia upande wa kulia, ya 2008 ina mkia. Yangu ina mkia. Nimeirudisha kisandukuni, nikaenda kulala kabla ya daku.

Jumapili, 23 Machi

Hesabu. Kupima sarafu moja, ukijumlisha ada, posta kwenda na kurudi na bima, kwangu inafika karibu dola 30. Sarafu ya kawaida ya aina hii ikirudi na 69 haina faida juu ya ile isiyo na cheti, au faida ni ya chai. Ikirudi na 70 kuna kitu. Kwa hiyo anayepeleka anacheza kamari ya 70, na ndiyo maana sokoni sarafu nyingi zisizo na cheti ni zile ambazo mtu mwingine alizitazama akaona hazifiki. Hili ningelijua miaka iliyopita nisingenunua mtandaoni "70 isiyo na cheti" mara mbili. Aliyekuwa na hakika ni 70 angeipeleka mwenyewe.

Nimechagua sita kati ya zile zilizopata daraja sawa katika raundi zote mbili. Mbili za kopo, zote nimezipa 70. Nne za vifuko: 70, 70, 69, 70. Ile ya 69 napeleka makusudi, niione mizani ya upande wao.

Ya faru haiendi. Nimeipa 68. Kwa kweli hiyo ndiyo sarafu ambayo sikuweza kuipima kwa upofu, maana hakuna mwingine mwenye sura ya Mwalimu kisandukuni. Gramu 35 za fedha ya 925, yaani sehemu 925 kati ya 1,000, upana milimita 42. Nimeitazama mara nne, mara zote 68. Kifuko chake kimefunikwa karatasi kama vingine, sijafunua.

Jumamosi, 5 Aprili

Idi imepita, bahasha imekwenda. Hakuna la kuandika ila kwamba nimegundua naweza kuingia duka lolote sasa nikaona mikwaruzo kwenye saa ya muuzaji. Mama watoto anasema nimekuwa mtu asiyefaa kualikwa.

Jumamosi, 10 Mei

Zimerudi.

Kijana amefunua karatasi kwenye vifuko, tukapanga mezani safu tatu: penseli ya mzee, daftari langu, kasha la kampuni. Kwa zile nne za vifuko:

Ya kwanza: mzee 69, mimi 70, kampuni 69.
Ya pili: mzee 69, mimi 70, kampuni 70.
Ya tatu: mzee 69, mimi 69, kampuni 69.
Ya nne: mzee 68, mimi 70, kampuni 68.

Zile mbili za kopo, ambazo mzee hakuziandika, nilizipa 70 zote. Zimerudi 69 zote.

Nilichokiona kwanza ni hasara: 70 moja kati ya sita, na bei yake hailipii gharama ya bahasha. Nilichokiona baadaye ni safu ya penseli. Nilipofungua kisanduku Januari nilichukulia kwamba mzee, kama mwenye mali yeyote, amejipendelea. Tukafunua vifuko vyote 13. Hakuna hata kimoja alichoandika 70. Si kimoja. Ameandika 69 saba, 68 nne, 67 mbili. Mtu huyu alikaa gereji usiku chini ya taa ileile ninayoitumia, hakuna aliyemwona, hakuna aliyekuwa ananunua, na hakujipa hata namba moja ya bure. Mara moja tu alijinyima, ile ya pili.

Ile ya nne nimeitoa ndani ya sanduku nikaitazama ndani ya kasha lake, nikiwa tayari najua kuna 68. Iko pale, kwenye uwanda juu ya bawa la kulia la tai: mikwaruzo miwili mifupi inayokutana kama herufi V. Nimeitazama sarafu hii mara mbili kwa lenzi na sikuiona, au niliiona nikaiita kitu kingine.

Kifuko cha 1996 nimekirudisha mezani. Chini ya 69 ya mzee nimeandika kwa penseli: 12/1/2025, taulo. Anayefuata ajue si yeye aliyekosea.

Imebaki karatasi moja. Kijana akaniuliza, "Baba, na ya Mwalimu?" Nikamwambia afunue. Mzee ameandika 64.

Nilitaka kusema mzee hapa amekosea, hajui sarafu za kwetu. Nikawasha taa. Nikaishika kwa ukingo, Mwalimu juu, nikaiinamisha polepole, nikaanza na shavu kama kanuni inavyosema. Safi. Paji la uso, safi. Kisha kioo cha uwanda mbele ya uso wake, kuanzia pua kwenda ukingoni, na mistari ikawaka: mingi, ikizunguka kidogo, kama mtu aliyeifuta vumbi kwa kitambaa kabla ya kuionyesha kwa wageni. Nikageuza. Nyuma ya pembe ya faru, vilevile.

Kijana akauliza umepata ngapi. Nikachukua penseli.